Dhamana ya Ludelle Spivey

"Vua hereni. Na kamba za viatu."

Ludelle Spivey alivua, akavitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na simu na beji yake ya kiwandani. Askari wa kike wa mapokezi aliufunga mfuko bila kumtazama. Kwenye benchi nyuma yake wengine walikuwa wanangoja zamu, kila mmoja na pingu zake. Jumamosi jela ya kaunti hujaa.

Alipigwa picha, uso mbele, uso pembeni. Kisha vidole, kimoja kimoja juu ya kioo. Mashine ilivikataa. Miaka ya kutenganisha minofu ya kuku na mifupa kwenye maji ya barafu ilikuwa imeila ngozi ya ncha zake.

"Kausha mikono, tuanze upya," afande alisema. Halafu akaanza maswali. "Unatumia madawa?"

"Hapana."

"Umewahi kufikiria kujiua?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Sina. Ila nanyonyesha. Mwanangu ana miezi mitano."

Afande alitazama kompyuta juu mpaka chini. "Hilo humu halipo," alisema, akabonyeza swali linalofuata.

Kosa lake lilikuwa kuingia nyumbani kwake. Bwana Tidmore, mwenye nyumba, alikuwa amepandisha kodi mara mbili mwaka huo, na Ludelle alipochelewa kulipa, yeye alibadili kufuli bila kwenda mahakamani wala wapi. Nguo za mtoto zilibaki ndani. Asubuhi ile Ludelle alisukuma dirisha la jikoni akapita. Alipotoka na furushi lake, gari la polisi lilikuwa uani.

"Mimi naishi hapa," alisema.

"Dale anasema huishi," polisi alijibu. Dale ndiye Bwana Tidmore.

Kwenye chumba kidogo chenye baridi alivuliwa nguo zote, akaambiwa achuchumae, akohoe. Akapewa sare ya rangi ya chungwa na kandambili zote za mguu wa kushoto.

Jioni matiti yalikuwa yamejaa, magumu, yanauma mpaka kwapani. Sare ililowa kifuani. Ludelle alijikunyata kwenye kona ya selo akijifunika kwa mikono.

"Njoo hapa kwenye sinki, binti," alisema mwanamke mmoja mwenye mvi, jina lake Mozelle. "Usipoyakamua utapata homa, na hapa homa utaugua nayo mwenyewe. Nyie wengine geukeni huko!"

Wanawake waligeukia ukuta. Ludelle alikamua, na maziwa ya mwanawe Micah yakaingia kwenye bomba la maji machafu. Alilia bila sauti. Mozelle alimshikia nywele zisidondoke usoni.

"Wewe una muda gani humu?" Ludelle aliuliza.

"Tangu wapambe miti ya Krismasi. Dhamana yangu ni ndogo kuliko bei ya friji, mwanangu. Ila friji lenyewe sina." Alicheka peke yake.

Jumatatu jaji alitokea kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani. Alisoma jina, akasoma kosa, akataja dhamana: dola elfu tano. Ludelle alifungua mdomo kueleza habari ya kufuli, lakini sauti upande wa jela ilikuwa imezimwa. Alijiona kwenye pembe ya kioo cha televisheni, mdomo unachezacheza.

Shangazi Verna, aliyekuwa amebaki na mtoto, alikwenda kwa wakala wa dhamana, anayewawekea watu dhamana kwa ada, ofisi inayotazamana na lango la jela. Wakala alitaka dola mia tano ambazo hazirudi hata Ludelle akishinda kesi, na mdhamini mwenye nyumba yake mwenyewe.

"Ningekuwa na nyumba yangu," Shangazi alimwambia wakala, "Ludelle angekuwa anakaa kwangu, na haya yote yasingetokea."

Siku ya kutembelewa, Ludelle alioshwa uso na Mozelle na kusukwa vizuri. Alidhani angemshika mtoto. Walimweka mbele ya skrini. Shangazi alikuwa ghorofa ya chini, jengo hilohilo, mbele ya skrini nyingine.

"Mbona hamniletei?"

"Siku hizi ndivyo wanavyofanya. Tazama, Micah, mama huyo! Mama!"

Mtoto aliitazama skrini, akageuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi, akaanza kulia. Kifua cha Ludelle kililowa palepale.

"Chupa anakubali?"

"Anakubali kidogo," Shangazi alisema, na Ludelle akajua anadanganya. "Kiwandani wamepiga simu. Wameshaweka mtu mwingine."

Kesho yake alikuja wakili aliyepewa na mahakama, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kesi unaweza kuishinda," alisema. "Lakini tarehe ni mwezi ujao, na utaingojea humu. Ukikiri kosa, siku ulizokaa zinahesabiwa kifungo, unatoka leo jioni."

"Nikikiri, baadaye?"

"Rekodi inabaki. Kupanga nyumba kutakuwa kugumu."

"Kwa hiyo nakiri kuwa nimevunja kwangu, ili nisipate pa kupanga."

Kijana alimsogezea karatasi. Alimpa kalamu.

Mahakamani jaji alikuwa mzee mpole, akisoma maneno anayoyasoma kila siku. "Bi Spivey, kuna mtu aliyekulazimisha au kukutisha ili ukiri?"

"Yupo, Mheshimiwa. Ana miezi mitano."

Karani aliacha kupiga chapa. Jaji alivua miwani. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka tu.

"Ukijibu hivyo siwezi kupokea ukiri wako. Sheria hainiruhusu. Utarudi ndani mpaka tarehe ya kesi." Akavaa miwani tena. "Nikuulize upya?"

Wakili alimgusa kiwiko. Ludelle alijitazama kifuani, maziwa yakiwa yameshapenya sare.

"Niulize."

"Kuna mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana, Mheshimiwa," Ludelle alisema. "Hakuna mtu."

"Asante," alisema jaji. "Anayefuata."