Ng'ombe Wenye Maua Vichwani

Kamili alikuwa manju wa ngoma aliyejulikana toka Ushirombo mpaka Kahama, na mtu mwenye sifa hizo hana sababu ya kumwonea wivu katekista mwenye koti moja. Lakini alimwonea. Alimwonea asubuhi akipiga mswaki, alimwonea akichambua pamba, na mchana aliusukuma ugali pembeni, maana mkewe Theopista, akimwekea mboga, alianza tena yale yale.

"Baba Serafina, eti huko milimani kuna viti vinaning'inia kwenye waya. Mtu anaketi tu, vinampandisha mpaka kileleni!"

"Nani kasema?"

"Si Mwalimu Gelasius!"

Alijua jibu kabla hajauliza, ila mwenye wivu hupenda kujichokonoa kidonda mwenyewe.

Mambo yalianzia kwa padre wa parokia, Mwitaliano. Alipokwenda likizo kwao, mji mdogo wa milimani uitwao Castelbruma, alimchukua Gelasius katekista ili ndugu zake wamwone. Waliondoka Septemba wakarudi baada ya Pasaka, kwa kuwa padre alitibiwa goti huko huko. Watu walimngoja Gelasius ashuke na redio, au baiskeli, au walau saa ya mkononi. Alishuka na maneno. Basi kila Jumapili baada ya misa aliketi uwanjani nje ya kanisa akayagawa, na watu wakapokea.

Na kwa kweli yalikuwa maneno ya kupokewa. Aliwaeleza maporomoko ya maji yanayoanguka kati ya miamba miwili, na daraja la mbao lililojengwa pale si kwa ajili ya kuvuka, bali kwa kusimama na kutazama. Aliwaeleza watu wazima wanaopanda mlima na fimbo, hawafuati mbuzi aliyepotea, hawatafuti kuni, wakifika juu wanakula mkate wao wanashuka, na jioni wanasema siku ilikuwa njema. "Mtembea bure si mkaa bure," akasema, watu wakacheka. Lakini alipofika kwenye ngome ya kale, ambamo wameangika ukutani majembe, miundu na mitungi ya babu zao, na wageni wanatoa hela kuingia kuvitazama, uwanja mzima ulipiga kelele.

"Walipe kuona jembe?" akauliza Mzee Jilala, msimamizi wa mashindano ya ngoma, mtu asiyeamini kitu mpaka akishike. "Basi waje kwangu. Na la kwangu watalimia."

Theopista alikaa mbele kabisa, miguu imekunjwa, na ndiye aliyeuliza kuliko wote. Yule mtu wa kwenye kiti cha waya akiogopa katikati ya njia, anashukia wapi? Wale wanaotazama maporomoko wanaambiana nini? Gelasius alimjibu yeye, akimtazama yeye. Na Gelasius alikuwa mgane, mkewe amefariki miaka miwili iliyopita, nyumba yake haina moshi wa kueleweka. Hapo ndipo Kamili alipokosa usingizi.

Alikuwa na sababu nyingine, nayo hakumwambia mtu. Kamili mwenyewe alimpata Theopista kwa njia ya masikio. Katika nchi ile, baada ya mavuno, manju wawili huwekwa kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na ngoma zake na nyimbo zake za kumsimanga mwenzake, katikati umechorwa mstari wa majivu. Watu huvuka mstari wapendavyo. Jua likizama, aliye na watu ndiye mshindi, aliyebaki peke yake akafungashe ngoma zake. Theopista, binti wa Bukombe, alikuwa amesimama upande wa manju mwingine siku ile. Kamili akaimba, binti akavuka, na dada zake wakamfuata. Miaka kumi na zaidi Kamili alijivunia kuvuka kule. Sasa kulimtia homa. Aliyevuka mara moja kwa kusikia, si atavuka tena?

Ndipo akaenda kwa Jilala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Nataka unichoree mstari na Gelasius."

"Gelasius hana ngoma, ng'wanawane, mwanangu. Ana mdomo tu."

"Anakusanya watu. Anayekusanya watu ni manju, na manju hujibiwa."

Mzee hakuweza kulikataa, maana desturi ndivyo ilivyosema. Gelasius alipoambiwa alicheka sana, akasema yeye atasimulia kama kawaida yake, majivu wamwage watakavyo.

Jumapili iliyofuata watu walifurika mpaka waliotoka Runzewe. Majivu yakamwagwa. Upande mmoja Gelasius juu ya kigoda, upande wa pili Kamili na vijana wake, njuga miguuni, ngoma zimekwisha kuoteshwa moto zikakazika. Theopista akapita katikati ya watu na kanga yake, akaenda kuketi palepale anapoketi siku zote, mbele ya kigoda. Hakumtazama mumewe.

Gelasius akaanza na habari aliyokuwa ameiweka akiba. Huko Castelbruma, alisema, siku za joto ng'ombe hupelekwa malishoni juu milimani. Baridi ikikaribia, hushushwa siku moja, wote. Na siku hiyo huvishwa mataji ya maua vichwani na kengele kubwa shingoni, na mji mzima hutoka barabarani kuwapokea kwa muziki, akina mama, watoto, mpaka meya.

"Mayo!" wakasema watu kwa mshangao, na wengine wakasogea. Kwa wafugaji, ng'ombe kupokewa na meya si habari ya kusikilizwa ukiwa umesimama mbali.

Kamili akanyanyua mkono, ngoma zikalia pamoja. Akaimba:

"Ng'ombe wa Gelasius wamevaa maua,
wa kwetu wanatoa maziwa!
Gelasius kapanda kiti cha waya,
kashuka, na koti ni lile lile!"

Lo! Kicheko kilichopasuka hapo kilimwondoa hata mpishi wa padre jikoni. Vijana wakavuka kwanza, kisha akina mama kwa vigelegele, kisha wazee wakijifanya wamesukumwa. Kamili aliongeza beti juu ya beti, za kutazama maporomoko, za kulipia jembe, jasho linamtoka, vumbi linapaa. Tangu ujana wake hakuwahi kuimba hivyo. Alipogeuza uso kutazama ng'ambo, jua limeinama, mstari ulikuwa umefutika kwa nyayo na upande wa Gelasius ulikuwa mtupu.

Mtupu, isipokuwa mtu mmoja.

Theopista alikuwa ameketi vilevile, kidevu mkononi. Gelasius alikuwa ameinama kumsogelea ili sauti yake ishinde ngoma, naye Theopista alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole. Mamia walikuwa nyuma ya Kamili wakiliita jina lake, na hakuwasikia. Wivu ulimpanda mpaka macho yakaona giza. Akaitupa fimbo yake ya manju chini, akavuka.

Sasa, manju akivuka nani atabaki kusikiliza ngoma? Watu walijua anakwenda kufanya nini, na ugomvi wa mume na mke haukosi watazamaji. Wakamfuata wote, wapiga ngoma wakiwa wa mwisho. Mzee Jilala aliangalia jua lililokuwa likizama, akaangalia huku na huku, akatema mate. "Kamili amewapeleka mwenyewe kwa mwenzake," akasema kwa sauti ya kusikika. "Gelasius kashinda. Desturi ni desturi."

Kamili hakujali. Alisimama juu ya mkewe akihema.

"Simama twende nyumbani! Watu wote wameona aibu kwa ajili yangu, wewe umeng'ang'ania hapa na mwanamume asiye na mke. Au umekwisha hamia?"

Theopista alikuwa tayari amepiga goti moja, kanga ameikaza kiunoni, mkono chini kujiinua. Wote waliokuwa karibu waliliona hilo, na Kamili naye akaliona, kwa kuchelewa.

"Nilikuwa nasimama, Baba Serafina," akasema taratibu. "Mwalimu alibakiza maneno mawili, na mtu hasusiwi na maneno mdomoni. Nilikuwa nakuja kwako. Hata wimbo wako wa mwisho nilikuwa nauitikia kimoyomoyo."

"Basi njoo," akasema Kamili, sauti imempungukia.

Theopista aliwatazama watu wote waliosikia alivyotukanwa. Kisha akaurudisha mkono mapajani, akakunja miguu, akaketi tena.

"Mwalimu," akasema, "endelea. Hao ng'ombe, baada ya kupokewa, wanalala wapi?"