Siku Bi Pasi Alipowaficha Watoto

Mwalimu Mkuu alikuwa amechoka hadi kope. Mtaa ulikuwa umefumuka. Juzi tu nyuma ya ukuta wa shule palikuwa na majani matupu, leo ni mabati kwa mabati, na kila bati lina mama anayekuja kusimama mlangoni pa ofisi akisema, "Mwalimu, nipokelee huyu mmoja tu." Mmoja tu! Kwa hao mmoja tu, darasa la pili lilisomea koridoni na la tatu likahamia stoo, pamoja na mifagio.

Aliomba madarasa mapya mpaka akachoka kuomba. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, mkubwa yuko kikaoni. Hatimaye mfuko wa majengo ukakubali kumtuma mkaguzi aje auone msongamano kwa macho yake. Akiuona, fedha zinatoka. Asipouona, zinakwenda shule nyingine, basi.

Siku ya ugeni Mwalimu Mkuu akaenda kumpokea mkaguzi barabarani, maana vichochoro vile vipya vinampoteza hata mwenyeji. Shule akamwachia msaidizi wake, mama mtu mzima ambaye watoto walimbatiza Bi Pasi kwa jinsi alivyopenda vitu vilivyonyooka. "Dada, wageni wanakuja, nakuachia shule," akamwambia, akaondoka. Lo, laiti angeongeza hata neno moja!

Waliporudi, uwanja umefagiwa na kunyunyizwa maji. Korido tupu. Darasani watoto wamekaa wawili wawili kwenye dawati, soksi juu, na salamu imetoka kwa sauti moja. Bi Pasi alikuwa amefanya alichofanya kila mgeni anapokuja, miaka nenda miaka rudi: amewachagua wenye sare nzima, waliobaki amewarudisha makwao.

"Hongera sana, Mwalimu," mkaguzi akasema. "Shule nadhifu namna hii sijaiona. Kusema kweli, nyinyi hamna shida."

"Tunayo." Mwalimu Mkuu akaonyesha kidole ukutani. "Hawa si wote. Wengine wamerudishwa nyumbani."

Mkaguzi akatabasamu kama mtu aliyekwisha kudanganywa sana. "Kila ninapokwenda naambiwa kuna wengine."

Mwalimu Mkuu akamtazama Bi Pasi, Bi Pasi akatazama viatu vyake. Hasira ikampanda Mwalimu Mkuu, ikafika kifuani, ikakosa nguvu ya kuendelea. Akatoka, akaokota nondo, akaigonga ile rimu ya gari iliyoning'inia nje ya ofisi, ndiyo kengele yao.

Vichwa vikachomoza juu ya ukuta, kimoja, vitatu, safu nzima.

"Njooni!"

Wapi! Hakuna aliyesogea. Kasichana kamoja kakajibu kwa mbali, "Bi Pasi amesema tukionekana leo tutamkoma!"

Mkaguzi akatazama saa. Bi Pasi akamsogelea mkubwa wake. "Mwanangu, mgeni aone watoto wa watu wanakaa chini? Mbele yangu? Si atatudharau?"

"Ndicho alichokuja kuona, dada. Mimi hawanisikii. Waite wewe."

Bi Pasi akajikokota hadi getini.

"Njooni," akasema. "Nimesema mimi."

Wakaja. Wenye viatu na wasio na viatu, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni. Hawakusukumana. Kila mmoja alipajua pake: chini ya ubao, kando ya ukuta, katikati ya madawati. Wale wa soksi wakasogeana bila kuambiwa, wawili wakawa watano. Mkaguzi akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akajikuta koridoni, na huko nako mtoto akamvuta shati.

"Samahani, mjomba, hapo umesimama darasa la pili."

Akasogea. Alisimama nje juani, ameshika kalamu, anawatazama wanavyozidi kuingia, na tabasamu lake lote limekwisha.

"Nitaandika nilichokiona," akasema mwishowe.

Mwalimu Mkuu akashusha pumzi. Akamtafuta Bi Pasi kwa macho. Mama wa watu alikuwa amekaa sakafuni, huko kwenye kona ya mwisho ya darasa, katikati ya watoto, amejifunika uso kwa viganja na mabega yanamtikisika. Mwalimu Mkuu alitaka kwenda kumshika bega, lakini kutoka mlangoni hadi pale hapakuwa na pa kukanyaga.