Miguu ya Mbele

"Kitendawili!" Tsugumi, mjukuu wangu, aliniita kutoka ukingoni mwa jaruba la mpunga.

"Tega."

"Mtoto ana mkia, mkubwa hana."

"Chura. Hicho nilikutegea mimi, mwizi we! Sogea, nataka kufungua maji."

"Bibi, bado! Hawajaota miguu ya mbele. Ukikausha leo, viluwiluwi wote wanakufa."

Kila kiangazi tunakausha majaruba kwa muda ili mpunga ushike mizizi. Mwaka huu shule ilituomba tusubiri, korongo waliorudi bondeni wapate vyura wa kula. Nilikubali mbele ya kijiji kizima, maana aliyesimama kuomba alikuwa Tsugumi. Sasa redio inasema kimbunga kinafika kesho. Mpunga ukiwa kwenye tope laini, upepo unaulaza, na huo ndio wali wetu wa mwaka.

Niliingia ndani, nikatoka. Nikashika ubao wa kuzuia maji, nikauachia. Chai ikapoa.

"Bi Fumie," jirani yangu Kuramochi akapaza sauti, "unalima mpunga au unafuga vyura?"

"Nafuga majirani wambeya!"

Mchana Mwalimu Nogami akaja na darasa lake kuwaangalia viluwiluwi. Nikawatazama watoto wale, nikasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Maji yaondoke, maji yabaki."

Mimi mwenyewe jibu sikuwa nalo, ndiyo maana nilikitega.

Tsugumi akauma kidole. "Mtaro! Tuchimbe mtaro pembeni, uwe chini kuliko jaruba. Maji yakitoka, viluwiluwi wakimbilie humo."

Tukachimba, mwalimu naye, suruali imekunjwa magotini. Kuramochi akapita. "Kaburi la nani hilo? Na mbona limepinda?" Akarudi na koleo lake, akanyoosha kona huku akigombeza kila mtu.

Nikang'oa ubao. Viluwiluwi wengi waliyafuata maji hadi mtaroni. Wengine walikwama kwenye nyayo zetu, watoto wakawachota kwa mabakuli yangu ya supu. Sio wote waliopona.

Kimbunga kilipita kikipiga madirisha. Kulipopambazuka nilitoka mbio na kandambili moja. Mpunga ulikuwa umeinama, ila umesimama. Tsugumi alikuwa ameshanitangulia, kalala kifudifudi kando ya mtaro.

"Bibi! Huyu kaota mkono!"

"Mmoja tu? Wa pili uko wapi?"

"Bibi nawe! Subiri basi."

Nikachuchumaa. Nikasimama. Nikachuchumaa tena.