Homa Aliyoinywa Diwani

Secilia alikuwa anachambua maharage mlangoni, pale Kaniha, mume wake Methusela alipomtoa chatu wake nje aote jua. Chatu aliitwa Diwani, kwa sababu akishashiba haonekani miezi mitatu. Methusela alikuwa anacheza naye ngoma ya nyoka, na Jumapili kulikuwa na mashindano Bisibo.

Diwani hakuwa sawa. Alikuwa ameachama, kichwa kakiinua juu, puani mapovu, na kila akivuta pumzi kifua kinapiga filimbi. Kuku aliyewekewa wiki iliyopita alikuwa bado yupo kwenye boksi lake, na ameshataga.

Gervas, bwana mifugo, alikuja na pikipiki kutoka Lusahunga.

"Shikamoo mzee. Mimi ni wa ng'ombe, lakini haya ni mapafu. Tafuta daktari anayejua nyoka, na kwa sasa mpe joto. Nyoka hana joto lake mwenyewe."

"Nimlaze jikoni?"

"Moshi utammaliza."

Mchana Wema, binti yao wa darasa la tatu, alirudishwa kutoka shule na malaria. Akajilaza. Diwani akatoka kwenye boksi, akapanda kitandani, akamzunguka kiunoni. Homa ikahama. Jioni Wema alikuwa wa baridi na filimbi imepungua. Baadaye homa ikapanda tena, Diwani akainywa tena.

"Kumbe anakunywa homa," alisema jirani yao Priscila. "Afadhali. Zahanati foleni ndefu."

Secilia alikuwa ameshapanga hiyo foleni. Alirudi na dawa mseto, akachota maji kwenye kikombe.

"Mama Wema, hiyo dawa iweke kwanza," Methusela alisema.

"Mpaka lini? Mtoto anatetemeka!"

"Mpaka Jumapili. Homa ikiisha, Diwani atapata wapi joto?"

"Mpe la kwako!"

"Mimi siumwi."

Akaifungia dawa kwenye sanduku la njuga, akakaa juu yake. Secilia akalala ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto, akiogopa kukikuta kimya.

Jumapili Diwani alishinda. Alikuwa wa moto kama sufuria, Methusela akamvaa shingoni juu ya taulo. Jumatatu Wema akapewa dawa, malaria ikaisha. Lile joto lake la kawaida, la watu, ndilo halikurudi. Siku hizi kila asubuhi anaota jua kwenye jiwe, pembeni ya Diwani, na hapepesi macho sana. Mwalimu amemhamishia dirishani. Priscila anasema atazoea.

Mwezi wa tisa mawingu yalianza kukusanyika. Methusela aliingia chumba cha wadogo zake Wema, akafungua chandarua chao, akakikunja vizuri.

"Baba Wema, unakipeleka wapi?"

"Mvua zinakuja," alisema. "Diwani asije akapata baridi."