Lango la Makandideti

Mama yetu alikufa asubuhi, na kabla jua halijawa kali nilishajua kwamba shida yetu haitakuwa kaburi. Shida itakuwa mdogo wangu Faruk na ule ufunguo aliouning'iniza shingoni kama hirizi.

Niseme ulivyofika huko shingoni. Mwaka jana matokeo ya darasa la saba yalipotoka, shule yetu hapa Koboko haikupata hata mtoto mmoja wa daraja la kwanza. Faruk, ambaye hupeleka simsim Arua, akarudi kutoka huko amevimba kwa hasira. Kule shule ya Ediofe, alisema, makandideti, yaani watahiniwa wa darasa la saba, wanalala shuleni mpaka mtihani uishe, na wetu sisi wanashinda sokoni na vilioni. Hapo hakusema uongo. Kwetu mtu akifa, ukoo mzima huhamia kwa wafiwa, tunalala uani siku nyingi, na watoto ndio wateka maji na wabeba kuni. Mtoto mwenye wajomba wengi anaweza kumaliza muhula bila kufungua kitabu.

Basi wazazi wakakutana, wakakubaliana. Muhula wa mwisho makandideti walale shuleni, sisi akina mama tupike kwa zamu, na asitoke mtu, iwe siku ya soko au ya kilio. Lango lipigwe kufuli. Mwalimu mkuu hakupewa ufunguo, maana ni mtu mpole. Wajomba wakimjia na nyuso za huzuni, anafungua. Wakatafuta mzazi mwenye moyo mgumu. Wote wakamgeukia Faruk, aliyerithi sauti ya baba yetu sajenti, na yeye, mjinga wa watu, akafurahi. Mimi nikapiga makofi pamoja na wengine.

Wa kwanza kuionja sheria hiyo alikuwa jirani yetu Severino. Ndugu yake alifariki, akaja kumwombea ruhusa mwanawe Ladu. Faruk akakataa. Siku ya mazishi Ladu alilia nyuma ya lango mpaka sauti ikamkauka, na Severino hakugombana na mtu. Alikwenda akazika bila mwanawe.

Sasa ilikuwa zamu yetu, na aliyekuwa ndani ni Night, binti pekee wa Faruk. Mama yake alikufa akimzaa. Aliyemlea ni bibi yake, kwa uji na maziwa ya kuomba kwa majirani, na walilala kitanda kimoja mpaka siku Night alipoingia kulala shuleni. Kwa hiyo tulipokwisha kumwosha mama na kumvika sanda, niliacha uso wazi. Niliwaambia wanawake wenzangu mtu asiufunike mpaka Night amwone. Sheikh alikwishatuma neno kwamba tunazika mara baada ya adhuhuri.

Nikamfuata Faruk uani, nikamwambia alete ufunguo. Akasema hawezi. Nilimtukana, sitaficha. Nilimwuliza kama huyo aliyelala ndani ni mama yake au ni mpita njia. Akasimama tu, mkono umeshika kifua, anatazama watu wakiingia na viti na sufuria.

Ndipo Severino akaja kutoa pole. Nilimshika mkono, nikamwomba amwambie Faruk afungue, maana yeye ndiye pekee mwenye haki ya kusamehe. Severino akavua kofia. Alimwambia Faruk polepole, bila ubaya:

"Ndugu yangu ilikufa, wewe nakataa Ladu kutoka. Mimi nilinyamaza. Kama leo wewe nafungua kwa mtoto yako, ile machozi ya mtoto yangu ilikuwa ya nini?"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Faruk akavua ile kamba shingoni, akaniwekea ufunguo kiganjani, akaniambia niende. Hakumtazama mtu. Severino aligeuza uso akatazama barabarani.

Nilipanda bodaboda mpaka shule. Mwalimu alikuwa ameshampa Night habari, na nilimkuta amesimama nyuma ya lango, macho mekundu. Nyuma yake, barazani, makandideti wenzake walikuwa wameacha vitabu wanatutazama, Ladu mmoja wao. Nikafungua kufuli, nikalisukuma lango mpaka mwisho. Night hakusogea.

Nikamwambia afanye haraka, uso wa bibi yake uko wazi, watu wanamngoja yeye tu.

"Shangazi, Ladu iko hapa ndani," akasema. "Kama mimi natoka, nitarudi kukaa na yeye namna gani?"

Nikamvuta mkono. Akashika chuma cha lango kwa mkono mwingine, akachuchumaa, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto, na bado vidole havikuachia. Alipotulia kidogo aliniomba nifunge. Nikafunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Nyumbani niliingia moja kwa moja kwa mama, nikaufunika uso wake. Mwenye bodaboda alikuwa ameshasimulia yote nje. Nilipotoka nilikuta ua mzima unamsifu Night. Wazee walisema mwaka huu Ediofe watatusikia. Severino alimpa Faruk mikono yote miwili, akamwambia mtoto wake ana akili kuwashinda wao wakubwa, na machozi yalikuwa yanamtoka. Faruk alimwitikia kila mtu kwa kichwa, mmoja mmoja.

Jeneza lilipoinuliwa, Faruk akaja kuweka bega mbele. Nilikuwa karibu naye. Akaniinamia sikioni.

"Dada," akasema, "mimi ilikuwa nataka atoke."