Kisoma Vidole Ambacho Hakikuwepo

Ofisi ikibaki na mtu mmoja ndipo unagundua kiyoyozi kinakohoa. Mkesha wa mwaka mpya wetu wa kalenda ya mwezi, jengo letu hapa Xizhi, mtaa wa viwanda, lilianza kutema watu tangu asubuhi, kila mmoja na begi la magurudumu na boksi la machungwa, wakinipungia mkono kana kwamba mimi ndiye msafiri.

Na kweli nilikuwa msafiri. Nilikuwa na tiketi ya treni ya saa tisa alasiri kwenda Yuli, kwa baba. Tiketi za upande wa mashariki wakati wa mwaka mpya hazinunuliwi, zinanyakuliwa. Mwaka juzi nilikosa, mwaka jana nilikosa, na miaka yote miwili baba alikula chakula cha mkesha peke yake, maana mama hayupo tena na mimi ni mtoto pekee. Safari hii nilimwambia, "Nunua samaki mkubwa, nakuja." Akasema, "Tutaona." Kwa baba yangu hiyo ni furaha kubwa.

Kati yangu na treni kulikuwa na kompyuta mpakato moja.

Kazi yangu ni kupima. Wahandisi wanaandika ile programu ya chini kabisa, inayochomwa kwenye chipu na kuamka kabla ya kitu kingine chochote. Mimi nawasha, nazima, nalaza, naamsha, halafu nalalamika. Ndani ya programu hiyo kuna jedwali. Mfumo wa kompyuta ukiamka ni kama mgeni aliyeingizwa kwenye nyumba yenye giza, ila ni mgeni mwenye adabu, haendi akipapasa kuta. Unasoma jedwali: kibodi iko hapa, feni iko pale, kibao cha kugusa kiko kwenye waya huu. Kila kifaa kinatafutiwa kiendeshi chake, yaani programu ya kuongea nacho, na kiendeshi kinaamini kilichoambiwa. Kilichoandikwa kipo. Kisichoandikwa hakipo, hata kama kimelehemiwa kwenye bodi mbele ya macho yako.

Na jedwali hakuna anayeliandika upya. Mtaa mzima huu wa viwanda wanachukua la modeli ya mwaka jana, wanafuta hapa, wanabandika pale, wanakwenda kula.

Kompyuta yangu ilikuwa inakawia kuamka. Skrini nyeusi, kishale kinapepesa, mimi napepesa nacho. Meneja alishaondoka akaacha ujumbe: mteja yuko ng'ambo, hana habari na mwaka mpya wetu, anataka ripoti leo leo. Modeli ikipita, nenda nyumbani.

Nikafungua kumbukumbu za kuwaka, zinazoandika kila hatua. Nikamkuta mkawiaji. Kiendeshi cha kisoma alama za vidole kinaita. Hakijibiwi. Kinasubiri. Kinaita tena, kinasubiri tena, mpaka kinakata tamaa na kuwaachia wenzake njia. Nikaigeuza kompyuta huku na huku. Hii ni modeli ya bei nafuu, haina kisoma vidole. Pale kinapokaa kwenye modeli ya mwaka jana pana plastiki tupu, laini kama kipara.

Nikampigia mhandisi wa jedwali lake, Kaka Liao, ambaye alikuwa Meinong kwa wakwe.

"Kaka Liao, heri ya mwaka mpya, baraka tele kwako na familia yako yote tukufu."

"Dogo, mtu akinisalimia hivyo najua nimekwisha. Nini?"

"Jedwali lako linasema tuna kisoma vidole."

 Nyuma yake nikasikia kisu kinakatakata mboga na sauti ya mama mmoja inauliza nani huyo.

"Hatuna?"

"Hatuna, kaka. Kiendeshi kinamwita mtu ambaye hajawahi kuzaliwa."

"Umeangalia ile pakiti ya kijani juu ya mashine? Haijaisha muda?"

Kila mashine kwetu ina pakiti ya kijani ya bisi juu yake, kama hirizi, ili itulie. Ya kwangu ilikuwa nzima, tena imevimba.

"Pakiti haina kosa. Kosa ni lako."

"Basi usipige kelele, mama mkwe anadhani nimefukuzwa kazi. Nafuta sasa hivi."

Alituma programu mpya wakati bado nina muda wa kutosha. Nikaichoma, nikawasha. Kompyuta ikaruka kama imepakwa pilipili! Kipimo cha kuilaza na kuiamsha kikapita; nikavaa koti, nikabeba begi, nikainama kufunga dirisha moja kwenye skrini. Kishale hakikusogea. Nikapapasa kibao cha kugusa. Nikakigonga. Kilikuwa hapo chini ya kidole changu, baridi, laini, kizima kabisa, na mfumo hauna habari nacho.

"Kaka Liao, sasa umemzika aliye hai."

"Nani?"

"Kibao cha kugusa."

"Aa." Nikamsikia anajipiga kofi kwenye paji la uso. "Yeye na kisoma vidole wako kwenye waya mmoja. Nimefuta waya mzima."

"Treni yangu ni saa tisa."

"Sikiliza, dogo. Andika imepita, ondoka. Likizo ikiisha natuma nyingine. Nani atajua?"

Nilifika mpaka kwenye lifti, kusema kweli. Mlango ukafunguka, ndani hamna mtu, kioo tu kinanionyesha kijana mwenye begi. Ningependa kusema kwamba dhamiri ilinishika bega. Haikunishika. Nilikumbuka tu kwamba jina linalokaa chini ya ripoti ni langu, siyo la Liao, na kwamba kiwanda kikipata ripoti hiyo kitachoma programu ile ile kwenye maelfu ya kompyuta bila kuuliza. Mlango wa lifti ukajifunga wenyewe. Nikarudi kuketi.

Programu ya tatu ilikuwa safi. Kisoma vidole hakuna, kibao kipo, kompyuta inaamka bila kusuasua. Lakini programu ikibadilishwa, kipimo kinaanza upya: kompyuta inalazwa na kuamshwa mara mia mbili, na hakuna namna ya kuiharakisha kulala. Nilisimama dirishani. Reli inapita nyuma ya jengo letu. Treni ya saa tisa ilipita kwa wakati wake, jambo ambalo wakati mwingine wowote ningelisifu.

Nilitafuta tiketi nyingine. Hakuna. Nikampigia baba.

"Baba."

"Umefika wapi? Nashangaa sisikii treni."

"Sijapanda, baba. Kazi imenikalia kichwani. Tiketi zimekwisha."

"Haya. Mvua inanyesha huko?"

"Hainyeshi."

"Huku inanyesha. Samaki nilishamtia jikoni."

"Mkubwa?"

"Kichwa kinatoka nje ya sahani. Haidhuru, nimekuwekea bakuli na vijiti. Na kiti nimekivika koti lako la shule."

"Lile la sekondari? Baba, lile linanibana hata nikilitazama."

"Kiti hakijalalamika."

Nilicheka, halafu nikafikiria. "Ulifanya hivyo mwaka jana pia?"

"Na mwaka juzi."

"Na mama?"

"Mama yako ana bakuli lake kule kwenye madhabahu, pamoja na wazee waliotangulia. Hili ni la mezani. La mezani ni la mtu anayekuja."

"Unasubiri?"

"Nasubiri kidogo. Supu ikianza kupoa, nakula."

Nikaihamishia simu kwenye sikio la pili. 

"Usisubiri leo, baba. Kula."

"Samaki ana miiba. Haliwi haraka. Na wewe unakula nini?"

Nikashuka duka la chini nikanunua tambi za kikombe, nikarudi nazo, simu bado hewani. Kompyuta ilikuwa inalala, inaamka, inalala, haina neno na mtu. Nikatia maji moto. Baba akaniambia nikate simu, fedha zinakwenda bure. Nikasema nakata, sikukata. Naye hakukata. Mvua ya Yuli ilikuwa inapiga bati la jikoni kwetu, na katikati yake nikasikia vijiti vyake vinagusa ukingo wa sahani, vinachagua. Halafu akaongea kwa sauti ya chini, siyo kwenye simu. Alikuwa anaongea na kile kiti.

"Shika shavu hili la samaki. Hili halina miiba."

Kitu kidogo kikagonga ndani ya bakuli. Nikainamisha uso kwenye mvuke wa tambi, nikafungua kinywa kama mtoto anayelishwa.