Lori la Mbele Kabisa

...wala hakuwapo, Asani hakuwapo mpakani Kasumbalesa siku ile, alikuwa hapa Katuba anashona kanzu za Idi, na sasa sauti yake inatoka kwenye spika ya ukumbi wa shule, juu ya vichwa vya watu, ndugu zangu, siku moja nilikuwa mpakani, peke yangu, nikaona foleni ya malori, nikajiuliza... peke yangu, amesema peke yangu, na Kulthumu, mkewe, nyuma ya pazia la kijani wanakokaa wanawake, akainua kichwa, kwa sababu aliyejiuliza alikuwa Rachida, Rachida binti yao, miaka tisa, Kulthumu amempakata katika gari la kwenda kumwona mama mdogo Zambia, anatafuna karanga, Mama, ile lori inangoya nini? inangoya ya mbele, na ya mbele? inangoya ingine ya mbele, kisha mtoto akayafuata malori kwa kidole mpaka yakapotelea kwenye vumbi, akasema, lazima kuko moya yenye haingoye mwenzake, kama hakuna, hizi zote hazitatembea hata siku moya... na Kulthumu, mwalimu wa darasa la tano, alicheka tu akambusu utosini, alidhani wana miaka mingi mbele ya kuyazungumza hayo, kumbe miezi minne, kisha homa, siku tatu, basi. Mama Shafi, jirani yake, akamgusa kiwiko, akamnong'oneza, «Bwana yako iko na akili sana,» naye akaitika kwa kichwa, angesema nini, kwamba baada ya mazishi alikuwa akisimama juu ya mkeka wa kusalia midomo imefungwa, hakuna neno linalotoka, mpaka siku moja akamwuliza Asani, Baba Rachida, huko tunakoelekeza uso kuna mtu kweli, na Asani hakuinua hata macho kwenye cherehani, «Usiulize vile, Mama Rachida, ni kufuru, unataka mutoto apate hasara kule kaburini juu yako?» na maneno yale yakamwingia kama mwiba usioonekana, mwaka mzima akaamini kwamba kuuliza kwake ndiko kunakomwumiza mtoto kaburini, na bado akauliza, hakuweza kuacha, akauliza kwa kalamu, ndani ya daftari la shule lililobaki na kurasa, jioni, sufuria ikiwa motoni, akianzia kwenye yale malori, kila linalosogea limesogezewa njia na jingine, na foleni isiyo na kichwa haisogei, na ulimwengu unasogea, watu wanazaliwa, mvua inakuja, basi kuna kichwa... aliandika, akafuta, akaandika tena, na siku alipofika mwisho alitawadha akasali sala yote ya alasiri bila kukwama, akalia kwenye sijida, akasema moyoni, Rachida, umenirudisha. Hakumwambia mtu. Wiki tatu zilizopita daftari lilihama kutoka chini ya nguo zake, akalikuta juu ya cherehani, Asani hakuitaja kufuru tena, akasema tu kwamba, kwa kuwa amezoea kutoa mihadhara, vijana wa mtaa wamemwalika, Wakristo, Waislamu, na wale wasioomba popote, aje awaeleze kama Mungu yuko, na yeye Kulthumu, mjinga, alifurahi, alipiga pasi kanzu yake asubuhi ya leo akifikiri, atasema, mke wangu ameandika, au hata hilo asiseme, atasema tu, mtoto wetu aliuliza... na hakusema. Angeiba hoja, sawa, hoja ni ya Mungu, lakini kumtoa mtoto ndani ya gari, kuyafuta mapaja aliyokalia, karanga, kidole, akajiweka yeye pale! Na hata wizi wenyewe kaufanya kwa haraka, hakusoma vizuri, maana sasa anapiga meza, anasema, kila kitu, ndugu zangu, kila kitu kina chanzo chake, na Kulthumu akafumba macho, la, sikuandika hivyo, niliandika kila kilichoanza kuwapo, nikapiga mstari chini, mara mbili, hapo ndipo mlango ulipo... na kweli, kijana mmoja akasimama, Kulthumu alimwona kwa upenyo wa pazia, Michée, mtoto wa pasta, yule anayesemekana haombi tena, akachukua maikrofoni kwa adabu, «Merci, mwalimu. Miye niko na swali moya tu. Umesema kila kintu iko na chanzo. Sasa Mungu naye, chanzo chake ni nani? Ao yeye bamemuachia apite ku mpaka bila papiers?» ukumbi ukacheka, hata wanawake, kisha kicheko kikaisha. Asani akapangusa paji la uso. Akasema, Mungu ni Mungu. Michée akasema, «Hilo si jibu, mwalimu, pardon.» Na pale mbele Asani akageuza shingo, kidogo, kuelekea pazia, na Mama Shafi akaliona hilo, akatoa kikaratasi na kalamu mkobani, akavisukuma mapajani mwa Kulthumu, kama walivyofanya mihadhara yote iliyopita, aya iliyomtoka, mwaka aliousahau, sentensi ya Kifaransa, kikaratasi kinapita chini ya pazia, bwana anaendelea, watu wanasema mashallah. Jibu lilikuwa jepesi, mistari miwili, asiyeanza haulizwi aliyemwanzisha, na vidole vyake vilikwisha kushika kalamu, na hapo, akimtazama yule mtu amesimama mbele ya swali la aina ile ile aliyomkataza yeye kuuliza, akaona kitu ambacho mwaka mzima hakukiona, kwamba sauti iliyosema usiulize haikutoka juu, ilitoka kwenye cherehani, ilikuwa sauti ya mtu asiyejua jibu, anayeogopa, na yeye akaichukua akaiweka kinywani mwa Mungu, akamkasirikia Mungu kwa ajili yake, na mtoto hakupata hasara yoyote, Rachida aliuliza akiwa na karanga mdomoni na jua likaendelea kuwaka... Asani bado amepinda shingo. Mama Shafi akamsukuma tena, «Umuandikie basi, Mama Rachida, bantu banangoya,» na Kulthumu akakirudisha kikaratasi, cheupe, akasema polepole, «Swali, bamemuuliza yeye.»